Donda Langu Lisitafutiwe Mchawi

Kijiji cha Shishiyu,
Maswa, Simiyu.
10 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Danford,

Mwangaluka, baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, mkeo Felisita, watoto na ng'ombe. Huku nyumbani tunaendelea vizuri, isipokuwa hili joto linalotangulia mvua limetunyima usingizi. Juzi imenyesha upande wa Lalago, kwetu ikapita juu na kutuachia upepo tu. Shemeji yako Kristofa ameshalima shamba la chini kwa ng'ombe, anangoja ardhi ilowe apande pamba.

Na wewe je? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua ukiendesha pikipiki umepona? Mwanao Gloria bado anabanwa na kifua? Siulizi kwa kutimiza desturi ya barua, nataka kujua, kwa hiyo ukijibu usiniandikie tu kwamba wote hamjambo.

Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Nakula, natembea, nagombana na watu. Nyumba ya mayu, mama yetu, imesimama, ingawa mchwa wameanza kula nguzo ya nyuma. Ng'ombe wako mweusi uliyemwacha huku amezaa ndama jike, mkaidi kama mwenye mali.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu kila nikianza kusema unanikatiza, na ukimaliza kusema wewe, salio nalo limekwisha. Tena haya nataka yakae kwenye karatasi, uyasome mbele ya Baba mdogo Mboje na wazee wengine mtakapokutana. Naituma kwa mkono wa Fredrick, mtoto wa jirani yetu, anayerudi huko Tunduru kwenye ng'ombe wake. Usiikunje ukaitia mfukoni ukisema utaimalizia baadaye. Kaa chini uisome yote.

Jumapili iliyopita uliongea na mume wangu ukamwambia mwezi ujao unakuja, na kwamba ukifika utalimaliza jambo la Ng'washi. Kristofa unamjua, ni mtu wa maneno machache, lakini baada ya simu ile hakula chakula. Aliponieleza nilipandwa na hasira. Utalimaliza vipi, Danford? Ng'washi ni mke wa marehemu kaka yetu Bundala. Mali yake ni jembe, kuku wachache, na macho mekundu kwa sababu maisha yake yote amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Wewe unajua na mimi najua kwamba huku kwetu mwanamke wa namna hiyo akishatajwa kuwa mchawi, kinachofuata ni panga. Hilo ndilo unalotaka kulimaliza?

Nimesikia yote. Baba mdogo Mboje alikwenda kwa mfumu, mganga wa ramli, akabeba na kuku. Kuku akapasuliwa, akasomwa, ikaonekana kwamba anayenila kwa uchawi ni mwanamke asiye na mume, tena wa ndani ya kaya yetu. Kuku wa watu amesomwa tumbo! La kwangu lilikuwa wazi miezi yote ile na hakuna hata mzee mmoja aliyekuja kulitazama. Wangekuja wangeona kila kitu, na kuku angekuwa bado anataga.

Wewe ulikuwa mbali na umeyapata mambo haya vipande vipande, kwa hiyo acha nikueleze kuanzia mwanzo.

Mwezi wa nne tumbo lilianza kunisokota. Nilidhani ni michembe ya viazi niliyokula jana yake, nikanywa maji ya moto, nikalala. Kesho yake lilikuwa limevimba kama la ng'ombe aliyekula mtama mbichi, haja haitoki, hata upepo hautoki. Kristofa akakodi gari tukaenda hospitali kule Bariadi. Daktari alisema utumbo mpana umejisokota wenyewe na kipande kimeshaoza. Walinipasua siku ile ile, wakakata kilichooza, na mdomo wa utumbo wakautoa nje upande wa kushoto, uwe njia ya haja mpaka ndani kupumzike. Tangu mwanzo waliniambia kwamba ni kwa muda tu, nikipata nguvu nitarudi waunganishe. Kwa hiyo huo mfuko mnaounong'oneza kwenye simu zenu siyo laana wala siyo siri. Ni mfuko wa haja, nauvaa tumboni chini ya kitenge, na naubadilisha mwenyewe.

Mwanzoni niliona aibu hadi nikatamani ningekufa. Nakuambia wazi kwa sababu wewe ni damu yangu. Mfuko ukivuja, ngozi inaungua kama umemwagiwa pilipili. Ikiisha ile ya hospitali tunajishonea ya nailoni na kitambaa. Maharage nikiyagusa, tumbo linapiga tarumbeta na mimi sina namna ya kulizuia. Siku moja kanisani, baada ya komunyo, watu wote kimya, likapiga. Waumini wakageuka. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi, endeleeni kusali." Padre mwenyewe alishika mdomo asicheke. Tangu siku hiyo nakaa benchi la mbele, na asiyependa kunisikia akae nje.

Sasa nafika pale ambapo hutapenda.

Nilipotoka hospitali mshono ulikuwa bado mbichi. Kuna nesi mmoja anaitwa Violeth, binti mdogo tu, mkali kama nyuki. Aliniambia nisafishwe kidonda zahanati kila siku, nisipake kitu chochote, na nikiona homa, au wekundu unaosambaa, au pagumu pana joto, au harufu, au maji yanageuka usaha, nirudi siku hiyo hiyo bila kungoja mnada wala misa. Nikaitikia. Nilifanya hivyo kwa siku za mwanzo, na kidonda kilikuwa na unyevunyevu kidogo, kama alivyosema kingekuwa.

Ndipo ukapiga simu. Kristofa aliweka sauti juu, nilisikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Hao manesi wanamchelewesha. Mpulizieni ile dawa ya ng'ombe. Mbona madume yangu yakichanika yanakauka upesi tu?"

Danford, tulikutii. Katika ukoo wetu hakuna mwenye mkono wa ng'ombe kama wewe. Toka ukiwa mdogo baba alikuwa akikuita zizini kabla ya kumwita mtu wa mifugo. Kristofa alileta lile kopo la zambarau akapuliza, na mimi nilikuwa nimelala chali nikitazama bati na kumshukuru Mungu kwa kunipa mdogo mwenye akili. Mshono ukawa na rangi kama vazi la Kwaresima. Baada ya muda mfupi ukakauka, ukafanya gamba gumu. Tulifurahi sote. Tulikupigia, ukacheka, ukasema tungekusikiliza tangu mwanzo. Nikaacha kwenda zahanati, maana kidonda kikavu kinasafishwa nini?

Chini ya gamba kulikuwa na usaha. Homa ilipokuja nilisema ni malaria, nikameza vidonge. Ubavuni mwa mshono pakawa pagumu na pa moto, nikasema nimelala vibaya. Harufu ilipokuja tukasema ni mfuko. Hilo ndilo lililotudanganya zaidi, kwa sababu mtu mwenye mfuko wa haja kila harufu husingiziwa mfuko.

Mwezi wa sita nilikuwa nimekaa kwenye turubai nachambua pamba, natenga safi na fifi, ile chafu, nikainama kuvuta robota. Mshono ukafumuka. Sitakueleza yaliyotoka, ukiisoma hii mbele ya wazee, wengine watakuwa wamekula. Kristofa alikuwa mnadani Lalago. Walikuwepo wanawake wa jirani waliokuja kunisaidia, wakakimbia wameziba pua. Ng'washi hakukimbia. Alileta kitenge safi kutoka sandukuni kwake, akanifunga, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni peke yake na kunifikisha barabarani. Tulipopata gari la kwenda Bariadi alikaa sakafuni kati ya viti, mikono yake miwili juu ya tumbo langu, na njia nzima alikuwa akiniita jina nisilale.

Violeth aliponifungua aliona ile rangi. Akauliza tumepaka nini. Nikavuta shuka. Akauliza tena. Nikamwambia. Akasema, "Mama, ng'ombe ana ngozi ya ng'ombe." Halafu akanieleza taratibu, bila kunitukana, na namshukuru kwa hilo. Alisema dawa ile imefanya kifuniko, juu pamekauka na uchafu umefungiwa ndani ukaendelea kula nyama. Kidonda kilichooza hakitakiwi kufungwa kwa juu. Kinaachwa wazi, kinajazwa gozi safi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, kinasafishwa kila siku, kinapona kutoka chini kuja juu. Na hivyo ndivyo kilivyopona, polepole, kwa maumivu ambayo sikujua kama mtu anaweza kuyapata na bado akaomba uji.

Nani alikuwa akinisafisha? Nataka ujibu swali hili ukiwa mbele ya Baba mdogo. Ng'washi alilala sakafuni chini ya kitanda changu kule wodini. Violeth alimfundisha, na tuliporudi nyumbani alichemsha maji na chumvi, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavua gozi la zamani na kuweka jipya, asubuhi baada ya asubuhi, bila kukunja uso. Mfuko ukivuja aliuosha. Mashuka aliyafua. Kristofa naye alijitahidi, alijifunza hadi kupika, ingawa ugali wake ungefaa kujengea ukuta. Lakini mikono iliyoingia kwenye donda langu ni ya Ng'washi. Ananilaje mtu anayenisafisha?

Unamtafuta aliyeharibu mshono wangu. Usiwahangaishe kuku. Wewe ndiye uliyesema, Kristofa ndiye aliyepuliza, na mimi ndiye niliyelala nikapulizwa huku nafurahi. Ni sisi watatu. Ng'washi siku hiyo hakuwepo hata nyumbani, alikuwa Ipililo kwenye msiba wa kwao.

Sikulaumu kwa kutaka nipone. Najua ulitaka nipone, na Felisita aliniambia kwamba uliposikia mshono umefumuka ulikwenda kukaa zizini na kulia. Nililia na mimi niliposikia hivyo. Nakupenda, Danford, wewe ndiye ndugu wa tumbo moja niliyebaki naye duniani. Lakini umeshindwa kubeba kosa dogo la mtu aliyependa akakosea, ukaona afadhali kumtwisha mjane. Hilo ndilo ninalokulaumu, na nitakulaumu mpaka umtue mzigo huo.

Jambo jingine ni hili la kupasuliwa mara ya pili. Nimesikia mmekaa kikao kwenye simu mkapitisha kwamba nisirudi hospitali. Eti niliponea chupuchupu, nikirudi kwenye kisu nitabaki huko huko. Mmepitisha vizuri, lakini aliyepasuliwa hakuwepo kikaoni. Alhamisi ijayo naingia wodini, wataunganisha utumbo na kuufunga ule mdomo wa nje. Nataka kulima pamba yangu bila kuvaa mfuko kiunoni. Nataka kula maharage ya wifi yangu bila kuogopa kanisa. Mnaonihurumia hurumieni ng'ombe wenu, mimi naenda.

Wala siendi kama kipofu. Daktari amenikalisha na Kristofa akatueleza bila kuficha. Pale panapounganishwa panaweza kuvuja, na pakivuja nitapata homa na tumbo litavimba na kuuma, itabidi wanifungue tena upesi. Mshono unaweza kuoza tena. Damu inaweza kuganda kwenye shavu la mguu, ndiyo maana watanisimamisha nitembee hata kama nalia. Na baadaye pale penye kovu nyama inaweza kulegea ikatoa ngiri, hasa nikibeba ndoo kabla ya wakati. Nilimuuliza kama ananitisha. Akasema hapana, ananiambia ili nikiona dalili nisikae nayo nyumbani nikiitafutia jina jingine. Nilimwelewa, maana nilishakaa na homa nikaiita malaria, na harufu nikaiita mfuko.

Kwa hiyo safari hii nikikohoa nitashika mto tumboni. Ndoo zitabebwa na wengine. Zahanati nitakwenda hadi waniambie basi. Lile kopo la zambarau lipo zizini, na huko ndiko litakakokaa.

Hapa soma taratibu, wazee wasikie.

Mimi Nyanjige, nikiwa na akili zangu zote, nasema sikulogwa na mtu. Nikipona, nimeponywa na Mungu kwa mikono ya hao waliosomea, na kwa mikono ya Ng'washi. Nikipata shida tena, itakuwa moja ya hizo nilizozitaja, na mtamuuliza daktari, siyo kuku. Na nikifia mezani, nitakuwa nimekufa kwa upasuaji niliouchagua mwenyewe nikijua hatari yake. Mtu asije kusimama kaburini kwangu akamtazama Ng'washi. Atakayemgusa kwa jina langu asinilie, asinizike, na asiniite dada.

Sikuishia kwenye maneno. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kata, nimewaeleza. Wanayajua majina ya wote waliokwenda kwa mfumu na wote waliosema watalimaliza. La kwako lipo, nimelitaja mwenyewe. Imeniuma kulitaja. Lakini kati ya wewe kunikasirikia na Ng'washi kuuawa, unikasirikie tu. Hasira yako naiweza, nimeilea tangu ukiwa huna meno.

Kule hospitali Violeth aliniuliza nani atakaa na mimi, na nani wamwite likitokea jambo. Kristofa atabaki na mbegu na mifugo, mvua ikishuka haimngojei mtu. Nikasema, "Ng'washi." Akauliza ni nani kwangu. Nilifikiri nimweleze habari za wifi, za kaka Bundala, za kaya yetu, nikaona ni maneno mengi ya bure. Nikasema, "Ndugu yangu." Na ndivyo alivyoandika.

Nisalimie sana Felisita, mwambie samli aliyotuma ilifika na nimeilinda dhidi ya Kristofa. Gloria mwambie shangazi anataka kusikia kwamba anasoma. Josia mdogo mbusu kwa niaba yangu hata kama atakimbia. Fredrick mpe maji aoge na chakula kabla hujaanza kumhoji, ametoka mbali. Kristofa anakusalimu, na amesema maneno yote yaliyomo humu ni yake pia, ila yeye asingeweza kuyasema.

Sijakukataza kuja. Njoo, Danford, nina hamu na wewe. Ukifika nitakuwa wodini, au nitakuwa nimesharudi nimekaa kivulini na mto tumboni, au nitakuwa nimezikwa. Lolote liwalo, atakayekupokea mlangoni ni Ng'washi. Najua desturi yetu, mwanamke anapiga magoti kumwamkia mwanamume hata kama amemzidi umri. Siku hiyo nimemkataza. Wewe ndiye utakayeshuka kwenye pikipiki, uvue kofia, upige magoti pale vumbini, uanze kumwamkia. Ukishindwa, geuza pikipiki.

Mungu akufikishe salama, akupe moyo mwepesi na mvua ya kutosha. Wabeja sana, asante.

Dada yako anayekupenda na asiyekuogopa,
Nyanjige